`async` haihamishi kazi popote

Nimeletewa tena msimbo wa Flutter (zana ya kuundia programu za simu kwa lugha ya Dart) wenye lalamiko lilelile: "Kaka, nimeweka `async` kila mahali, mbona orodha bado inaganda?" Inaganda kwa sababu `async`, neno linaloruhusu kitendakazi kusubiri kwa `await`, haijahamisha chochote.

Msimbo wako wa Dart, usipoagiza vingine, unaendeshwa kwenye aizoleti moja kuu (uzi wa utekelezaji wenye kumbukumbu yake peke yake), na hiyohiyo ndiyo inayojenga wijeti, yaani vipande vya skrini. Skrini ya 60 Hz inadai fremu, yaani picha mpya, kila milisekunde 16 na ushee. Ya 120 Hz inakupa 8 tu. Ishikilie aizoleti hiyo kwa milisekunde 200, umeshapoteza fremu 12 huku mteja anaburuta kidole.

Sasa panaponichosha. `await` ni ya kusubiri. Ukiomba data mtandaoni, mfumo wa simu ndio unaongoja jibu, aizoleti iko huru kuchora. Mpishi akishainjika wali, anaweza kuhudumia wateja. Lakini jibu likifika ukaita `jsonDecode`, inayogeuza maandishi ya JSON kuwa data ya Dart, kwenye megabaiti kadhaa za maandishi, hakuna kinachosubiriwa tena: hapo ni kukata vitunguu, na mikono ni ileile miwili. Kuivika `Future(() => ...)` kunaisogeza zamu tu. Zamu ikifika, skrini inaganda vilevile. Kuna anayetanguliza `Future.delayed` ya sifuri halafu anakuapia kwamba "imepungua". Haya.

Dawa ni kuipeleka kazi kwenye aizoleti nyingine kwa `Isolate.run`, iliyokuja na Dart 2.19 mwaka 2023, au `compute` ya Flutter:

`final bidhaa = await Isolate.run(() => changanua(maandishi));`

Angalia mabano hayo yamebeba nini. Ukiyaandika ndani ya wijeti yakagusa `this` au `context`, utatupiwa kosa kwamba kitu hicho hakiwezi kutumwa kwenda aizoleti nyingine. Yaandike ndani ya kitendakazi tuli (`static`) kinachopokea maandishi peke yake.

Je, kazi ianzie uzito gani ndiyo ihamishwe? Nyaraka husema "kazi nzito", nzito kwa simu ya nani? JSON ndogo ukiihamisha, kuwasha aizoleti kunaweza kugharimu kuliko kazi yenyewe. Mimi nabahatisha kwanza, kisha napima kwa modi ya profaili (ya kupimia kasi) kwenye simu ya bei rahisi, na mara nyingine kipimo kinanikatalia. Modi ya debagi (ya kusakia makosa) usiiamini kabisa.

Na kama programu hiyohiyo unaipeleka kwenye wavuti, huko `compute` inaifanya kazi kwenye uzi uleule mkuu. Ndiyo, baada ya yote hayo.