Chandarua chenye dawa: yasemwayo na yaliyo kweli

"Kinawasha na kubana pumzi." Kuwasha kupo, hasa usoni na mikononi, na sababu yake ni haraka. Chandarua kipya kitolewe mfukoni na kutandazwa kivulini saa 24 ndipo kitundikwe. Anayekilalia siku hiyohiyo, akawashwa, kisha akakifungia sandukuni, ameacha kinga ya miaka kama 3 kwa kero ya usiku mmoja.

"Kufua kila wiki ndiyo usafi." Hapa ndipo vyandarua vingi vinapofia. Dawa iliyo kwenye nyuzi imekusudiwa kustahimili fuo zipatazo 20, na kila fuo huondoka na kiasi chake. Fanya hesabu: ukifua kila wiki, hata miezi 5 haifiki. Fua mara moja kwa miezi 3, kwa maji baridi na sabuni ya kipande isiyo kali. Usikiloweke usiku kucha, usitie dawa ya kung'arisha nguo, usikipigize jiweni. Kianike kivulini, maana jua huiunguza dawa. Maji ya kufulia yamwage shimoni, mbali na kisima, mto na bwawa, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki.

"Kimetoboka, kitupwe." La, si mapema hivyo. Mbu hatui moja kwa moja kwenye tundu. Hutambaa kwanza juu ya wavu akitafuta pa kupenya, na huko ndiko anakoikanyaga dawa. Hata hivyo tundu la kidole leo ni la kiganja kesho, kwa hiyo lishone mapema. Matundu mengi huanzia chini, wavu unapokwaruzana na ubao au msumari wa kitanda. Asubuhi kikunje ukifunge juu.

"Malaria huletwa na maji machafu." Mbu wa chooni na kwenye mitaro kwa kawaida ni Kuleksi, aina isiyoeneza malaria. Anofelesi, mbu aenezaye malaria, yule anayetua kautupa mkia juu, mara nyingi hutaga kwenye maji yaliyotulia yasiyo na uchafu mwingi: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali.

"Nalalia chandarua na bado naugua malaria, basi ni bure." Tazama kwanza kinavyotumika. Pindo limechomekewa chini ya godoro au mkeka pande zote? Goti au kiwiko kikigusa wavu, mbu anaweza kuuma kutoka nje, hasa dawa ikiwa imeisha nguvu. Mwingine huumwa na mbu akiwa bado barazani, kwa kuwa Anofelesi huanza kazi giza likiingia. Tena homa ya leo, kama ni malaria, ilitokana na mbu wa siku 7 au zaidi zilizopita. Na si kila homa ni malaria: pima kwanza. Ikionekana na ukapewa dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini), ni dozi 6 kwa siku 3, umeze zote hata kama homa imeshuka siku ya pili.