Utaratibu wa Kazi: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Ofisi nyingi siku hizi zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja ndani ya fremu, umetundikwa karibu na mlango. Muulize mhudumu wa kaunta umeandikwa nini, naye atageuka kuusoma pamoja nawe. Ndiyo maana wafanyakazi wakisikia umeletwa "utaratibu mpya" huguna, na mara nyingi wana haki. Lakini kuna dhana kuhusu taratibu zinazoziharibu hata zile nzuri. Nimechagua zile ambazo dunia imekwisha kuzilipia gharama kubwa.

Dhana: Ukishaandikwa na kubandikwa, utaratibu upo

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji katika hospitali nane. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi na Amman. Orodha ile ina vipengele 19 tu, na husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Maswali yenyewe hayana maajabu. Mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Antibayotiki amepewa? Sindano na vitambaa vimehesabiwa vikatimia?

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Dunia ikaichangamkia. Jimbo la Ontario, Kanada, likahimiza matumizi yake katika hospitali zake, na mwaka 2014 watafiti wakatoa hesabu ya hospitali 101 za huko. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ndogo kiasi cha kutotegemewa. Karatasi ni ileile, na hospitali zenyewe zilikuwa zikiripoti kwamba inajazwa karibu kwa kila mgonjwa.

Wapo wanaosema Ontario vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo na muda wa kupima ulikuwa mfupi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kutia vema kwenye visanduku ni kitu kimoja, na timu nzima kusimama kimya dakika moja ikasikilizana ni kitu kingine. Kipengele kimoja cha orodha kinataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Ukikisoma harakaharaka utadhani ni adabu tu. Kumbe muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake mbele ya daktari bingwa hapati shida kubwa kuinua mdomo tena pale anapoona goti linaloandaliwa silo. Kipengele hicho ndicho rahisi kuliko vyote kutiwa vema bila kutendwa.

Dhana: Orodha ni ya wanagenzi, fundi mzoefu anayo kichwani

Tarehe 30 Oktoba 1935, mjini Dayton, Ohio, ndege mpya ya Boeing aina ya Model 299 ilipaa kwa majaribio mbele ya wakuu wa jeshi la Marekani. Ikainua pua kupita kiasi, ikashindwa kubaki hewani, ikaanguka. Rubani Ployer Hill alikuwa na uzoefu usiotiliwa shaka, naye alifariki pamoja na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing. Kasoro ya mitambo haikuonekana. Kifungio kinachozuia mabawa ya mkia yasitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa hakikuwa kimefunguliwa.

Jeshi halikutafuta marubani hodari zaidi, maana wangetoka wapi? Waliandaa orodha fupi za mambo ya kuangalia kabla ya kupaa, wakati wa safari na kabla ya kutua. Ndege hiyo ndiyo iliyokuja kuwa B-17, zikatengenezwa zaidi ya 12,000. Orodha ile haikumfundisha mtu urubani. Mzoefu ndiye anayeruka hatua ya kawaida, kwa kuwa mikono yake imekwisha kuizoea kazi na akili iko kwingine.

Dhana: Mtu asiposema kitu, mambo ni shwari

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo niliyoiona katika kila aina ya kazi.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha magari Herald of Free Enterprise kiliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Uingereza. Milango ya mbele ilikuwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na kikapinduka muda mfupi tu baada ya kutoka bandarini. Watu 193 walikufa.

Baharia mwenye kazi ya kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Mkuu wake aliiona iko wazi, lakini kuifunga hakukuwa kazi yake. Ofisa aliyetakiwa kuhakikisha imefungwa alitakiwa pia, kwa maagizo yaleyale ya kampuni, awe darajani, yaani chumba cha kuongozea chombo, kwa nahodha muda huohuo wa kung'oa nanga. Mtu mmoja, sehemu mbili, wakati uleule. Nahodha naye hakuweza kuiona milango kutoka alipokaa, na taa ya kumwonyesha haikuwapo, ingawa manahodha walikwisha kuiomba. Utaratibu ulisema kwamba asipoletewa taarifa ya kasoro, achukulie chombo kiko tayari. Na hakuna aliyeleta taarifa.

Utaratibu ulikuwapo, umeandikwa. Uliandikwa kwa namna ambayo aliyelala na aliyemaliza kazi yake vizuri hawatofautiki: wote wawili wako kimya. Dawa yake ni nahodha kuambiwa "imefungwa", na asiposikia neno hilo chombo kisiondoke.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha liliungua katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 wakafa. Pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo. Kibali cha kazi hiyo kilikuwapo, lakini waliopokea zamu ya usiku hawakuambiwa kwa mdomo. Pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ya kwanza, gesi ikavuja ikalipuka.

Msitafute mfano mbali. Muuguzi anayemaliza zamu, mlinzi anayemwachia mwenzake funguo, mtunza stoo anayekwenda likizo: kazi huvuja pale inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ukiwa na muda wa kuandika ukurasa mmoja tu wa utaratibu, uandike kuhusu makabidhiano.

Dhana: Sahihi nyingi, usalama mwingi

Hati ya malipo yenye sahihi sita husomwa na watu wachache kuliko yenye mbili. Wa kwanza anaamini wa mwisho atakagua, na wa mwisho anaona sahihi tano juu yake, anatia ya sita. Kila mtia sahihi aandikiwe anathibitisha nini: huyu bei, yule kwamba mzigo umefika. Asiye na cha kuthibitisha aondolewe.

Dhana: Utaratibu mzuri haukiukwi kamwe

Wafanyakazi wanajua siri moja: ukitaka kuisimamisha kazi bila kugoma, fuata kila kanuni neno kwa neno. Ni aina ya mgomo baridi inayofahamika katika nchi nyingi, na inafaulu kwa sababu kila siku watu wanaziba kwa busara yao mapengo yaliyoachwa na waandishi.

Pale Piper Alpha agizo la dharura lilikuwa kukusanyika kwenye jengo la malazi na kusubiri helikopta. Moshi ulizuia helikopta kutua. Wengi waliosubiri walifia humo, na miongoni mwa walionusurika ni waliovunja agizo wakashuka au kuruka baharini.

Januari 2009 ndege ya abiria ilipigwa na bata bukini juu ya New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Orodha ya dharura waliyokuwa nayo marubani iliandikwa kwa ndege iliyo juu ya futi 20,000. Wao walikuwa chini ya 3,000. Nahodha Sullenberger aliwasha mtambo wa ziada wa umeme kabla orodha haijamfikisha hapo, na wakatua mto Hudson bila kuimaliza. Watu wote 155 walitoka hai. Orodha nzuri huonyesha mipaka yake: inafaa wakati gani, na nani ana ruhusa ya kuiacha.

Dhana: Taratibu ziandikwe na wakubwa, au zinakiliwe kutoka kwa waliofaulu

Taiichi Ohno wa Toyota alisisitiza kwamba karatasi ya kazi sanifu iandikwe na watu wa kiwandani wenyewe. Mbinu za viwanda vya Japani zimesafiri mbali: mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia 5S, mbinu ya hatua tano ya kupanga mahali pa kazi, ambayo kwa Kiswahili imekuwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kinachohama ni namna ya kufikiri. Dawa gani ikae rafu ipi wodini, hilo haliwezi kutoka kiwanda cha magari.

Kinachonikera ni mwongozo ulionakiliwa kutoka taasisi nyingine hadi ukabaki na jina la cheo ambacho hapa hakipo.

Kuupima utaratibu hakuhitaji mshauri mwelekezi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mpe mfanyakazi mpya karatasi hiyo, mwache aifanye kazi bila kuelekezwa, nawe kaa pembeni na kalamu. Kila anaposimama kuuliza, hapo pana hatua ambayo wenyeji wanaijua ila hawakuiandika. Zijaze hizo, andika juu jina la mwenye dhamana na tarehe ya kuipitia tena, kisha uitoe ile nakala ya zamani ukutani, maana zikikaa mbili watu wataisoma waliyoizoea.