Bei Halisi ya Mchezaji Mkongwe Katika Ligi Yenye Kikomo cha Mishahara

Aliyezoea soka, ambako klabu hununua mchezaji kwa dau la uhamisho, hupata taabu kuelewa biashara ya wachezaji katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kwa sababu huko klabu hazilipani dau. Hubadilishana wachezaji, au haki za kuchagua chipukizi katika drafti ya kila mwaka, inayokwenda kwa raundi, za mwanzo zikiwa na thamani zaidi, na mkataba wa mchezaji huhama pamoja naye. Ndiyo maana mimi, ninayechambua mikataba ya ligi hiyo, huanza na swali moja kila mkongwe anapotajwa kuwa yuko sokoni: ni nani atakayebeba mshahara ambao bado haujalipwa? Chaguo la drafti linalotangazwa na vyombo vya habari huja baadaye, na mara nyingi thamani yake huamuliwa na jibu la swali hilo.

Kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu huruhusiwa kuhesabiwa kwa malipo ya wachezaji wake katika mwaka, kilianza kutumika mwaka 1994 kikiwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu, na mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Klabu inaweza kuvusha akiba ya mwaka uliotangulia, lakini utajiri wa mmiliki hauinunulii nafasi ya ziada. Ugumu unatokana na fedha ya usajili, yaani bonasi ambayo mchezaji mwenyewe hulipwa anaposaini mkataba. Mchezaji huipokea mapema, ilhali katika hesabu za kikomo hugawanywa kwa mafungu sawa katika miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Akihamishwa kabla mafungu hayo hayajaisha, yaliyosalia hubaki kwa klabu iliyomlipa, nayo klabu mpya huchukua mshahara na marupurupu yanayokuja. Hayo mabaki ndiyo nitakayoyaita gharama mfu. Mchezaji akiondoka kabla ya tarehe 1 Juni, gharama mfu yote huhesabiwa mwaka huohuo. Akiondoka baada ya tarehe hiyo, huhesabiwa fungu la mwaka huo tu na mengine husogezwa mwaka unaofuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa jinsi tarakimu zake zinavyojieleza, ni wa Julio Jones, mpokea pasi wa Atlanta Falcons. Mwaka 2021 alikuwa na umri wa miaka 32, na mkataba aliousaini mwaka 2019 ulikuwa unamhesabia dola milioni 23.05 chini ya kikomo: mshahara wa milioni 15.3 uliodhaminiwa, na fungu la fedha ya usajili la milioni 7.75. Mafungu mengine 2 kama hilo yalikuwa yakisubiri miaka ya 2022 na 2023. Kama Falcons wangemtoa mwezi Aprili, mafungu yote 3 yangewaangukia kwa pamoja, jumla milioni 23.25, yaani wangehesabiwa laki 2 zaidi ya gharama ya kubaki naye huku wakiwa hawanaye. Walisubiri. Tarehe 6 Juni alipelekwa Tennessee Titans, na kwa subira hiyo Falcons walipata nafasi ya dola milioni 15.3 katika mwaka ambao kikomo chenyewe kilikuwa kimeshuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5 kwa sababu ya janga la korona.

Sasa tazama upande wa Titans. Walitoa chaguo la raundi ya pili la mwaka 2022 na la raundi ya nne la mwaka 2023, wakarudishiwa la raundi ya sita. Wengi waliona kwamba nyota wa kiwango hicho amepatikana kwa bei ya chini, lakini waliusahau mshahara, ambao Titans waliubeba wote. Mimi hupima mshahara kwa asilimia ya kikomo, kwa kuwa dola peke yake hudanganya kadiri kikomo kinavyopanda: milioni 15.3 zilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 8 ya kikomo cha mwaka 2021, wakati kwa kikomo cha mwaka 2025 zingekuwa kama asilimia 5.5 tu. Asilimia 8 kwa mpokea pasi ambaye msimu uliotangulia majeraha yalimruhusu kucheza mechi 9 pekee ni mzigo mzito. Huko Tennessee alicheza mechi 10, akadaka pasi 31, akafunga mara moja, na Machi 2022 akaachwa. Kwa mchezaji aliyevuka miaka 30 katika nafasi inayotegemea mbio, mechi alizokosa katika misimu miwili ya mwisho hunipa picha iliyo wazi kuliko jina lake au tuzo zake.

Denver Broncos walikwenda njia tofauti. Novemba 2021 walimpeleka Von Miller, mlinzi mwenye kazi ya kumvamia kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi wa timu pinzani), kwa Los Angeles Rams, ambao hawakuwa na nafasi kubwa chini ya kikomo. Mshahara wake uliokuwa umebaki msimu huo ulikuwa kama dola milioni 9.7, na Broncos walikubali kulipa milioni 9. Kwa kuubeba mzigo huo walipewa machaguo ya raundi ya pili na ya tatu kwa mchezaji wa miaka 32 ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya miezi michache. Kwa maoni yangu, Broncos walikuwa wananunua machaguo kwa fedha taslimu, na walinunua vizuri: kwa chaguo lile la raundi ya pili walimpata Nik Bonitto, ambaye mwaka 2024 aliwaangusha makwotabeki mara 13.5 (kuangusha kwa kushirikiana na mwenzake huhesabiwa nusu). Rams nao hawakupunjika. Februari 2022 waliwafunga Cincinnati Bengals 23 kwa 20 katika Super Bowl, fainali ya ligi, na Miller alimwangusha Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, mara 2.

Kuna hoja moja ninayoipinga kwa nguvu zote, nayo ni ile inayosema kwamba mchezaji hawezi kutolewa kwa kuwa gharama mfu yake ni kubwa mno. Falcons walipompeleka kwotabeki Matt Ryan kwa Indianapolis Colts mwezi Machi 2022, kwa chaguo la raundi ya tatu, walibakiwa na gharama mfu ya dola milioni 40.525, rekodi ya wakati ule, na wengi walishtuka. Lakini angebaki, angewahesabia zaidi ya milioni 48. Mafungu yale yalikuwa ya fedha iliyokwisha kulipwa, na yangehesabiwa tu, aondoke au asiondoke. Kilichokuwa mezani ni malipo yaliyokuwa bado kutoka, na hayo yalihamia Colts.

Ni kweli kwamba mwaka huo uliwaumiza Falcons. Ukijumlisha milioni 15.5 zilizosalia za Jones, karibu asilimia 27 ya kikomo cha dola milioni 208.2 ilikwenda kwa watu wawili wasiovaa tena jezi yao, nao wakamaliza msimu kwa ushindi wa mechi 7 na kupoteza 10. Machi 2023, mizigo yote miwili ikiwa imeisha, walimsajili mlinzi wa nyuma Jessie Bates kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 64.