Mionzi ya Vipimo vya Picha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali na Majibu

Vipimo gani vina mionzi, na kiasi gani?

Ultrasaundi, MRI (picha za sumaku) na kamera inayoingizwa kooni havina mionzi ya eksirei hata chembe. Kwa mtu wa umbo la kawaida, eksirei ya kifua hutoa takriban milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.1 au pungufu. CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi ambazo kompyuta huziunganisha kuwa picha moja, ni habari nyingine: hufika 8 hadi 10. Kwa wastani, mtu duniani hupata 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, hata asipokanyaga hospitali.

Kwa nini mtu mnene hupata dozi kubwa zaidi?

Miale lazima ipenye mwili ifike upande wa pili ndipo picha itokee, na mafuta na nyama huinyonya njiani. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe: miale inayofika ikiwa hafifu, zinaongeza nguvu. Uzito ukishuka, kipimo kilekile huhitaji mionzi michache. Kwa hiyo kipimo kisicho na haraka, daktari akikubali, kinaweza kusubiri kilo zipungue.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilinyweshwa dawa, nikapigwa picha nikiwa nameza. Ilikuwa lazima?

Walikuwa wanatafuta kama mshono unavuja. Zamani wengi walimpima kila mgonjwa. Siku hizi madaktari wengi wa upasuaji hukifanya pale tu dalili zinapojitokeza: mapigo ya moyo kwenda mbio, homa, maumivu yanayozidi. Mimi naona hiyo ni busara, maana kipimo hicho kinaweza kutoka safi na mshono bado unavuja.

Nitapata saratani?

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inakadiria kwamba dozi ya milisiverti 10 inaweza kuongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000. Ni makadirio, yanayotegemea sana ufuatiliaji wa walionusurika mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Kwa mgonjwa mmoja ni hatari ndogo, ila vipimo vikirundikana nayo hupanda, na kijana huathirika zaidi ya mzee.

Tumbo linaniuma vibaya, lakini nimeshapigwa CT nyingi. Nikatae?

Usikatae. Baada ya upasuaji wa baipasi, ambapo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, hubaki nafasi katikati ya matumbo. Unavyokonda, mafuta yaliyozijaza hupungua, nafasi zinapanuka, na utumbo unaweza kuchomoza ndani yake ukajinyonga. Hiyo ndiyo ngiri ya ndani. Huweza kuja miezi au hata miaka baadaye: maumivu ya kusokota, mara nyingi baada ya kula, pengine na kutapika. Utumbo ukikosa damu unaweza kufa ndani ya saa chache. CT huonyesha mishipa ya damu iliyojipinda kama kamba, na picha ikiwa safi huku maumivu yakiendelea, daktari anaweza kuamua kukupasua na kuingiza kamera tumboni aangalie mwenyewe. Mionzi uliyopata mwaka jana haipunguzi faida ya kipimo cha leo.

Kwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huwapata wengi wanaokonda haraka, ultrasaundi ndiyo huanza. Uliza.

Mionzi hubaki mwilini?

La. Mashine ikizimwa imekwisha, na hakuna kinywaji cha kuisafisha.

Nimwambie nini mtaalamu wa mionzi?

Aina ya upasuaji uliofanyiwa, kwani asiyejua njia ya chakula imebadilishwa anaweza kuisoma picha vibaya. Mpe na picha za zamani, zisirudiwe bure. Mwanamke aseme kama huenda ana mimba: kupungua uzito mara nyingi hurudisha uwezo wa kushika mimba, hata kwa aliyekuwa amekata tamaa.