Nyundo sio dawa ya hopa kuganda
Miaka mingi tunaambiwa mzigo ukiganda kwenye hopa (lile pipa la bati lenye umbo la faneli la kushushia mzigo kiwandani) gonga na nyundo utashuka. Kweli unashuka, siku hiyo. Ila hebu cheki bati lenyewe, kwa nje limebonyea na kwa ndani kila bonde ni kinundu, vumbi linapata pa kushikia, kesho utagonga zaidi.

Kwenye priheta (mnara wa kiwanda cha saruji unaopasha moto malighafi kabla ya tanuru) ndo kabisaa, maana kule gundi ni kloraidi, salfa na alkali, zinageuka mvuke kwenye tanuru (klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, inaiva kama nyuzi 1450) zikipanda juu kwenye joto dogo zinaganda ukutani. Hapo punguza hizo chumvi kwenye malighafi na fueli, ziba matundu yanayovuta hewa baridi, mizinga ya hewa (inayofyatua hewa ya mgandamizo) ipige mapema kabla gundi haijawa jiwe.