Acha Kusahihisha Insha, Niambie Ulipokwama

Kazi yangu ni kuhariri hadithi za Kiswahili, na hapa Kisumu nimekaa katika vikundi vya waandishi vya kila sampuli: vya walimu, vya wanafunzi wa chuo, na vile vya mchanganyiko ambamo muuguzi na fundi wa simu hukaa meza moja wakisomeana. Mara kwa mara mtu huniuliza kama vikundi hivi vina faida. Vinayo. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao nimeukuta karibu kila kikundi, nao tumetoka nao darasani.

Aliyesoma sekondari Kenya anaijua karatasi ya 102/1, ile ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Insha mbili, kila moja alama 20. Kwa miaka minne mtoto anafundishwa kwamba kisa huandikwa ili kitunukiwe alama. Weka methali hapa, tashbihi pale, anza na jua likichomoza na ndege wakiimba, malizia na funzo. Ukipewa methali uitungie kisa, basi kisa chote kinakwenda mbio kuithibitisha, na mhusika aliyekaidi wazee lazima avunjike guu kabla kengele haijalia. Sina ugomvi na mtihani. Mtihani ni mtihani. Shida ni kwamba mtu huyohuyo, sasa ana watoto na kazi, akipokea hadithi ya mwenzake anaishika kama mwalimu alivyoishika yake: kalamu mkononi, akitafuta makosa ya hijai.

Nimeona saa nzima ikipotea watu wakibishana kama ni "mkahawa" au "mgahawa". Mwenye hadithi anaandika kila kitu daftarini kwa unyenyekevu. Anaondoka bila kujua kama kuna mtu yeyote mezani aliyetaka kufungua ukurasa wa pili.

Makosa ya tahajia ni kazi yangu, na hunilipa kodi ya nyumba. Kikundi kina kitu kingine ambacho mhariri mmoja hawezi kukitoa: wasomaji sita au saba waliosoma kisa kilekile bila kushauriana. Kwa hiyo ninachowaomba wenzangu ni ripoti ya safari yao. Ulichoka wapi? Wapi ulirudi nyuma kusoma tena? Wapi ulisahau kwamba unasoma? Ulimchukia nani, na mwandishi alitaka umchukie? Hayo hakuna kamusi itakayokujibia.

Utaratibu tunaoufuata si wa kwetu. Ulitoka Milford, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, ambako mwaka 1956 Damon Knight na wenzake walianza mkutano wa waandishi wa hadithi za kisayansi. Kila mmoja anasema kwa zamu bila kukatizwa, dakika zake zikiisha anapisha, na mwenye kazi ananyamaza hadi wote wamalize. Baadaye ndipo anajibu. Kimya hicho wageni hukiona kama adhabu. Lakini hadithi ikishachapishwa, mwandishi hatakuwa kando ya msomaji ndani ya matatu ya Kondele akimweleza alichokusudia.

Sisi tumeongeza jambo moja kwa sababu ya adabu zetu. Katika kikundi chochote cha huku kuna mzee mmoja, mara nyingi mwalimu mstaafu, na kila mtu humwita Mwalimu hata kama hajawahi kumfundisha. Mwalimu akisema kwanza kwamba kisa ni kizuri, vijana wote watakiona kizuri. Akisema hakina ladha, ndiyo basi. Kwa hiyo anayeanza ni mdogo kuliko wote kwa umri, na Mwalimu anafunga. Wazee wengi hukubali kwa kicheko, maana baraza la kijiji nalo humwachia mkubwa neno la mwisho. Kijana naye anapata kusema la moyoni kabla hajajua upepo unavuma kutoka wapi.

Kwa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyebuni utaratibu wake wa kukosoa kazi za sanaa takriban mwaka 1990, tumeazima hatua moja tu: swali lisilo na hukumu ndani yake. "Kwa nini umejaza mvua ukurasa mzima?" hiyo ni hukumu iliyovaa kanzu ya swali. "Mvua imeanza saa ngapi?" hilo ni swali. La kwanza linamfanya mwandishi ajitetee. La pili linamrudisha kwenye kisa, na mara nyingi anagundua kwamba hata yeye hajui.

Nitoe mfano, nikiwa nimemwomba ruhusa mwenyewe. Kijana mmoja alileta hadithi ya mke wa mvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Mume yuko ziwani usiku, mke amesimama ufuoni akimngoja, na juu yao "mbalamwezi imeng'ara kama sahani ya fedha". Wengi wetu tuliipenda sentensi ile. Zamu ikafika kwa mama mmoja ambaye watu wake ni wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, na ameanika omena tangu utotoni. Akaivuta karatasi karibu na macho.

"Kijana wangu, huu mwezi ni mpevu?"

Kijana hakuruhusiwa kujibu, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi huyu bwana hajaenda kuvua omena. Ana mke mwingine."

Meza yote ilicheka, lakini mama alikuwa na hoja. Omena huvuliwa gizani. Wavuvi huelea na taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, ndipo nyavu zinatupwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, taa haina nguvu, na mashua nyingi za omena hupumzika siku hizo. Mwezi ule haukuwa umetoka ziwani hata kidogo. Ulikuwa umetoka kwenye insha, ambako usiku bila mbalamwezi haupati alama.

Mama hakumwambia aandike nini. Alisema alipokwama na kwa nini, akanyamaza. Kijana alirudi na rasimu nyingine isiyo na mwezi. Sasa kwa kuwa kuna giza, mke ana kazi ya kufanya pale ufuoni: anahesabu taa majini, akijaribu kujua ipi ni ya mashua ya mumewe, na kila moja inayozimika anaanza kuhesabu upya. Hakuna hata mmoja wetu aliyependekeza hilo. Mimi na shahada yangu ningempa sifa kwa ile sahani ya fedha na kumrekebishia koma.

Ndiyo maana sipendi kikundi cha waandishi watupu. Mwaka 1977 kule Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwasomea wanakijiji mchezo wao wa Kikuyu ungali unatungwa, nao wakulima na vibarua wakausahihisha, lugha na mambo yenyewe. Msomaji anayejua kazi ya mikono ya wahusika wako ni wa thamani kuliko mshairi wa tatu mezani.

Jambo jingine ambalo ningeliwekea sheria kama ningeweza: mwandishi asisome kazi yake mwenyewe kwa sauti. Yeye anajua pa kupumua, na sauti yake huziba mashimo yote. Mpe mtu mwingine asome ukurasa wa kwanza huku mwandishi akimtazama mdomo. Atakapojikwaa, weka alama. Mara nyingi ni pale "ambaye" mbili zimefuatana, au sentensi imebeba watu watatu na wote ni "yeye". Mazungumzo nayo hujianika hapo hapo. Mama wa soko la Kibuye anayepima mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa sokoni, hawezi kumwambia mteja "tafadhali naomba unilipe fedha taslimu". Msomaji akiitamka, atacheka kabla hajajua kwa nini.

Ukishapokea maoni, usiyafuate yote. Wanne wakikwama ukurasa wa tatu, jua ukurasa wa tatu una tatizo. Lakini mmoja atasema ufupishe, mwingine atasema urefushe, wa tatu atataka umuue shangazi. Waamini kuhusu mahali panapouma. Dawa itafute mwenyewe. Mara nyingi dawa iko ukurasa wa kwanza, ambako hukupanda mbegu.

Kuhusu siku ya kukutana, sahau Jumamosi. Huku kwetu Jumamosi ni ya mazishi, na Wasabato wako kanisani. Jumapili alasiri inafaa, au siku ya kazi jioni kabla nauli haijapanda. Kazi zitumwe kwenye WhatsApp siku kadhaa kabla, mbili kwa kikao, zisizidi kurasa kumi. Kila mtu ajilipie chai.

Na hadithi isikae kikundini milele. Ikisharudi mara ya pili, nasema itoke. Ya tatu huwa inaanza kufanana na sisi sote, kila mtu ameisugua kona yake, na haina tena kosa wala mwenyewe. Ipeleke kwa jarida au shindano. Ila usiibandike kwanza Facebook ili marafiki waipongeze: wahariri wengi huhesabu hiyo kuwa kazi iliyokwisha kuchapishwa, na wataikataa bila kuisoma.