Sarafu ya 500 haikuishusha shilingi

Tangu sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania itoke mwaka 2014, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, bado utasikia kwamba ndiyo iliyoshusha thamani ya hela. Sivyo. Noti ya 500 ilipita mikono mingi mno ikachakaa upesi, chuma hudumu. Thamani ni ileile 500.

Kwenye chenji, sarafu nne tu, yaani moja ya 500, mbili za 200 na moja ya 100, hutoa kila mia kuanzia 100 hadi 1,000. Kinachokwamisha ni noti ya 10,000 kulipia bajaji alfajiri, dereva hajapata hata abiria wa pili. Hiyo ipeleke Uyole, hukohuko Mbeya, kwenye magunia ya viazi: milioni moja ni noti 100, wakati kwa noti za 1,000 ni noti 1,000, na kuzihesabu ni adhabu.